Waranti ya Miaka Miwili Zaidi

Gari langu lilipokaribia kutimiza mwaka, mwanamke mmoja wa kampuni iliyoniuzia alianza kunipigia simu. Waranti yangu, ile dhamana ya kutengenezewa gari bure, ilikuwa inakwisha Jumatatu, akasema. Nikitaka kuiongeza miaka miwili, nilipe kabla ya saa kumi jioni siku hiyo.

"Madam, giaboksi ya gari kama hilo ikiharibika, unaweza kuuza shamba," alisema, akacheka kidogo.

Mimi sikucheka. Naishi mtaa wa Dallas, hapa mjini Embu, na kazi yangu ni ya ofisini. Mama yuko nyumbani Kanyakine, upande wa Meru, na moyo wake una shida. Kila mwezi lazima afike kliniki kule Kaaga, ng'ambo ya mji wa Meru. Mwaka uliotangulia alizirai barabarani akisubiri gari, akalala kwenye nyasi mpaka mama mboga mmoja alipomwona. Ndipo nilipochukua mkopo wa sako, chama chetu cha akiba, nikanunua gari. Tangu hapo, kila mlio mpya wa injini niliusikia kana kwamba unatoka kifuani mwake.

Fomu ya waranti niliisoma wiki nzima. Sharti moja lilinikaa kooni: mtu yeyote asiyetambuliwa na kampuni akigusa injini, waranti imekufa. Na kaka yangu mkubwa ni fundi. Ana gereji karibu na soko la Kanyakine, na ndiye aliyenifundisha kuendesha. Sharti hilo lilikuwepo hata mwaka wa kwanza, ila sikuwahi kumwambia. Kila aliponiuliza kuhusu savisi, nilijibu kwamba nimeshafanyiwa Nairobi, halafu nikabadilisha mazungumzo.

Jumamosi kabla ya ile Jumatatu nilimpeleka mama kliniki. Kaka aliketi mbele, mama nyuma. Tulipokuwa tumepita Nkubu, taa ya rangi ya machungwa ikawaka kwenye dashibodi, yenye picha ya injini. Nikapunguza mwendo.

"Simama," kaka alisema.

Nikasimama pembeni. Alishuka, akakunja mikono ya shati. "Nifungulie boneti."

Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kile kishikio chini ya usukani. Sikukivuta.

"Acha tu, kaka. Usifungue."

"Kwa nini?"

"Waranti."

Alinitazama kupitia kioo cha mbele. Mama akauliza kwa Kimeru waranti ni nini. Kaka alilizunguka gari polepole, akasimama upande wa tangi. Nikasikia kitu kikizungushwa, tik, tik, tik. Kisha akarudi kuketi.

"Kifuniko cha tangi hakikufungwa vizuri. Uliweka mafuta wapi?"

"Chuka."

"Basi huenda ni hicho. Lakini taa haitazima leo. Inaweza kuchukua siku kadhaa."

"Una hakika?"

"Sina. Umenikataza kufungua."

Tuliendelea hadi Kaaga. Mama alipoingia kwa daktari, sisi tulibaki garini, nikamweleza kaka yote, pamoja na mwaka mzima wa kumficha. Aliomba fomu, akaisoma kidole kikipita chini ya kila mstari.

"Injini naiweza," alisema mwishowe. "Giaboksi ya aina hii, sikudanganyi, sina mashine yake. Ikifa, utaenda Nairobi tu."

"Basi ninunue?"

"Usinunue kwa sababu ya taa. Jiulize kama ungenunua hata kama haingewaka. Na uwaulize ni nani atalivuta gari likikufia njiani. Humu sijaona."

Jumapili nilirudi Embu taa ikiwa bado inawaka. Kwenye mteremko wa Nithi, unaojulikana kwa ajali, nilizima redio ili nisikie injini, nikaomba macho yakiwa wazi.

Jumatatu saa tisa nilipiga simu mwenyewe. Nikauliza nani atalivuta gari.

"Lazima lifikishwe kwetu Nairobi, madam. Kulivuta ni juu ya mwenye gari."

"Na likilala Kanyakine na mgonjwa yuko ndani?"

"Waranti haihusu hilo," akasema, na safari hii hakucheka.

Kumbe nilikuwa natafuta mtu wa kuniahidi kwamba gari halitakufa mama akiwa ndani. Fomu haikuwa na mstari wa namna hiyo. Nikamwambia sinunui. Kuanzia hapo mpaka saa kumi mara mbili nilitafuta namba yake ili nikubali. Saa kumi ikapita.

Taa ilizima Jumatano asubuhi, nikienda kazini. Nilisimamisha gari kando ya barabara, nikakaa nikiitazama dashibodi. Nikampigia kaka.

"Imezima."

"Sawa."

"Jumamosi nakuletea. Ulifungue."

"Lete," akasema.

Jumamosi hiyo alifungua boneti bila haraka, akachungulia kila pembe kwa tochi ya simu. Kisha akaniita nione mkanda wa injini ulioanza kuchanika ukingoni.

"Huu ungekatika. Umekuwa hivi kwa muda."

"Lakini kampuni ililikagua mwezi uliopita," nilisema. Nikaanza kuhesabu safari zote nilizombeba mama nikiutegemea mkanda ule.

Alibadilisha mkanda, akanawa mikono kwa sabuni ya unga, tukaenda nyumbani kula.

Giaboksi bado ni ileile, na bado naiogopa. Hata hivyo, kabla sijarudi Embu, mimi na kaka tulivuka shamba la kahawa kwenda kwa jirani, mwalimu mstaafu mwenye pikapu kuukuu. Tulimwomba kwamba siku ya kliniki, saa mbili asubuhi ikifika sijaonekana, ampeleke mama. Alikubali kabla hatujamaliza kueleza, na mke wake akakataa tuondoke bila chai.