Siku Tulipomlilia Mama Akiwa Angani

Kwetu Mufindi ndege uliisikia kabla hujaiona. Ukungu ulilala juu ya mashamba hadi jua lipande, harufu ya chai inayokaushwa kiwandani ikiwa imetuganda puani, kisha mngurumo mwembamba ukatokea upande wa Nyololo. Watoto tulikimbia kuswaga ng'ombe, maana uwanja wenyewe ulikuwa malisho yaliyofyekwa tu, na Mzungu mwenye shamba hakutua mpaka apite chini mara moja kutazama.

Masika moja ya miaka ya hamsini barabara ya Iringa iligeuka tope, malori yakakwama. Mama akashikwa na uchungu, mtoto akakataa kutoka. Baba, aliyekuwa mpishi wa yule Mzungu, alimwendea akapiga magoti. Naye, mtu mkali asiye na maneno mengi, akampakia mama kwenye kindege chake hadi hospitali ya Iringa. Habari zikaja kwamba amepasuliwa na mtoto yu hai. Siku ya kurudi, wanawake wa kambi nzima ya wafanyakazi walijaa uwanjani. Nilikuwa na hamu ya mama tu. Huyo mtoto, kusema kweli, nilishamkasirikia.

Ndege ikapita chini. Tukapunga kanga, vigelegele vikapaa. Ndipo Bibi, mama yake mama, akanibana bega.

"Nyamazeni nyie! Ina mguu mmoja tu!"

Kweli. Gurudumu la kushoto lilikuwa limeshuka, la kulia limebaki tumboni. Baadaye Mzungu alimweleza baba kwamba taa ya gurudumu hilo haikuwaka, lakini alipoona tunashangilia akadhani taa ndiyo mbovu. Sasa alikuwa amegeuza, anakuja kutua. Tungemwambiaje? Kupunga zaidi kungekuwa kumkaribisha zaidi.

Bibi akaweka mikono kichwani, akaangua kilio cha msibani. Jirani yetu akamvuta.

"Mama, si uchuro huo? Mwanao mzima yule!"

Na hakuna aliyeogopa uchuro kama Bibi. Sisi watoto hata kushika kichwa ovyo alitukataza, akisema tunaita kifo nyumbani.

"Niacheni," alisema. "Nimlilie sasa, jioni nisimlilie."

Mmoja mmoja wanawake wakashika vichwa. Nami nikashika, ingawa niliamini kabisa kwamba tunamuua mama. Lakini Mzungu yule alikuwa ameishi kwetu miaka mingi, alijua maana ya wanawake kusimama hivyo. Ndege ilikuwa karibu kugusa majani ilipoinua pua ghafla, ikatupita juu kidogo tu ya vichwa. Ikazunguka na kuzunguka, sisi tukilia. Iliporudi ilikuwa imekunja hata lile gurudumu moja. Ikalalia tumbo kwenye majani mabichi, ikateleza ikirusha matope, ikasimama karibu na mikaratusi. Kisha mtoto akalia humo ndani, sauti ya mama ikambembeleza, na Bibi akaketi palepale kwenye tope.

Siku hizi hupanda ndege kwenda kuwaona wanangu Dar. Kabla ya kutua husikia magurudumu yakishuka kwa kishindo kidogo, na hakuna abiria anayeinua macho. Rubani ana vyombo vya kumwambia kila kitu, nami nashukuru. Lakini huchungulia dirishani, nikaona mabati, magari, na watu wanaokwenda zao bila kutazama juu, na woga wa utotoni hunirudia mzimamzima. Leo tukija na mguu mmoja, nani huko chini atatulilia mapema?