Enesi Aenda Isansa Kuuliza Falsafa

Enesi alikuwa na miaka arobaini na mmoja alipoamua kusoma shahada. Kazi yake ilikuwa Tunduma, kwa wakala wa forodha, kujaza fomu za malori yanayovuka kwenda Zambia. Alipenda maongezi kiasi kwamba madereva walipanga foleni dirishani kwake hata dirisha la jirani likiwa halina mtu. Walipomuuliza anasomea nini, alijibu, "Falsafa." Wakacheka. Naye akacheka nao, akaendelea kugonga mihuri.

Masomo yenyewe yalikuwa ya masafa. Kila Jumamosi asubuhi alikutana mgahawani na mwanafunzi mwenzake, Boazi, mwalimu wa sekondari. Mwezi Juni wakapewa swali la kuandikia insha: falsafa ya Kiafrika ni nini?

"Hili la bure," alisema Boazi. "Andika, ni mambo waliyoyaamini mababu zetu. Wote kwa pamoja. Basi."

"Wote? Hakuna hata mmoja aliyebisha?"

"Dada Enesi, Waafrika hatubishani. Tunakaa, tunakubaliana."

"Na hapa mimi na wewe tunafanya nini?"

Boazi akajimiminia chai nyingine.

Kesho yake, baada ya ibada, Enesi akaenda kijijini Isansa kwa wazazi wake. Alimkuta mama yake, Ikupa, kwenye kichanja cha kahawa, akitoa punje mbovu. Akafungua daftari.

"Mama, sisi Wanyiha tunasema mtu ni nani?"

"Wanyiha ni wengi, mwanangu. Unamtaka yupi?"

Enesi akacheka, lakini hakufunga daftari. Ikupa akajifuta mikono kwenye kitenge.

"Unamkumbuka Watson wa kule bondeni?"

Nani angemsahau! Watson hakuwahi kukanyaga msiba wa jirani wala kuchangia hata mzigo wa kuni. Alipofariki, wanaume walikaa wakasema hawamchimbii kaburi.

"Baba yako akasimama," Ikupa akaendelea, "akasema yule hakuwa mtu. Mtu ni yule anayeshirikiana na wenzake. Wote wakaitikia. Si ndiyo unayotaka kuandika?"

"Ndiyo hayo hasa!" Enesi alikwisha kuandika mistari mitatu.

"Basi futa. Mimi nilikataa. Niliwauliza, ng'ombe wenu asipokuja msibani, mnamkasirikia? Nikawaambia, Watson mnamkasirikia kwa sababu ni mtu. Asingekuwa mtu, msingekuwa na kesi naye. Nikachukua jembe nikaanza kuchimba mwenyewe. Shimo lilipofika magotini, wakaona haya, wakaja kuninyang'anya."

"Baba alisemaje?"

"Alisema kuzaliwa na miguu miwili hakutoshi, utu unajengwa. Nami nikamuuliza, mtoto mchanga, ambaye hajajenga chochote, tumtupe? Mpaka leo hatujamaliza."

"Hatujamaliza kwa sababu hujanijibu!" ilitoka sauti ya baba yake, mzee Yesaya, ndani ya nyumba.

"Nimekujibu, masikio ndiyo huna!"

Enesi alicheka mpaka kalamu ikamtoka mkononi. Miaka yote hiyo aliwasikia wazazi wake wakibishana, akidhani ni ugomvi wa ndoa tu.

Jumamosi akamsomea Boazi alichoandika: kwamba imani za watu ni malighafi tu, na falsafa huanza pale mmoja wao anapoidai imani itoe sababu, na mwingine anapomjibu.

"Mama yako hajaandika kitabu," alisema Boazi.

"Kwani hoja husubiri kitabu?"

"Sawa. Lakini Uafrika wake uko wapi? Hoja ya ng'ombe hata Mjerumani angeweza kuitoa."

Enesi alikoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha kuyeyuka zamani.

"Angeweza," alisema mwishowe. "Ila yeye hakuwa na Watson wa kuzika. Hoja ni ya yeyote, mwalimu. Swali ndilo lililotoka kwetu."

Boazi hakuridhika, na kwa kweli Enesi naye hakuridhika sana, lakini akaandika jibu hivyo hivyo na kulituma.

Alipata sabini na mbili. Mkufunzi aliandika pembeni kwamba sehemu ya mwisho inahitaji kutetewa zaidi. Boazi, aliyebadilisha "wote" kuwa "wengi wao", alipata sitini na nane, akatishia kukata rufaa. Enesi akanuna siku moja kwa maneno yale ya mkufunzi, kisha akajiandikisha somo la mantiki.