Shairi Lililonipatia Mama Yako

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, theluji imefika magotini, nilipokwenda Brooklyn Center, hapa Minnesota, kumposa mama yako. Ukoo wangu wote ulikuwa Bungoma, kwa hiyo wazee wawili wa kanisa walikubali kuwa baba zangu kwa siku hiyo. Tulivua buti mlangoni, tukaketi na soksi zetu mbele ya babu yako, aliyekuwa amekuja kutoka nyumbani kumtembelea binti yake.

Wewe unamjua kwa picha tu. Alikuwa mwalimu wa Kiingereza maisha yake yote, na mashairi ya kale ya Waingereza aliyakariri utotoni, enzi ambazo ukisahau mstari unachapwa. Mimi niliacha shule darasa la saba. Lakini nani hapa mjini asiyenijua? Hata wakati huo nilikuwa na lori langu la kuzoa theluji, na wenye diploma zao walikuwa bado wanangoja basi. Sijisifu, nasema yaliyokuwa.

Babu yako hakuuliza habari za ng'ombe wa mahari. Alikuwa ameshanitumia sharti lake mapema: nikariri shairi moja, nije niliseme mbele ya wazee. La sivyo, hakuna binti. Lilikuwa shairi la msafiri aliyetembea njia nzima akiisifu taa yake, mpaka jua likachomoza na ule mwanga wa taa usionekane tena. Nililikariri ndani ya lori, kutoka Richfield hadi Minneapolis, nikikipigia kelele kioo cha mbele.

Basi nikasimama. Nililitoa lote bila kukwama, kwa sauti ya mtangazaji wa mpira. Wazee wangu wakapiga makofi. Babu yako akakuna kidevu.

"Kijana, mbona unasoma kama unafukuzwa na mbwa? Haya, shairi linasema nini?"

"Linasema alikuwa na taa nzuri, Mwalimu. Angeiuza kabla hakujapambazuka."

Mama yako alikuwa jikoni na kina mama wa kanisa. Nilimsikia akicheka mpaka sufuria ikaanguka. Wazee wangu wakatazama soksi zao.

Babu yako hakucheka. "Nakuuliza tena, na hili ndilo la mwisho. Kama unaona biashara tu, chukua lori lako uende. Mafuta ya taa ile alitia nani?"

Mwanangu, shairi halikuwa na neno hata moja kuhusu mafuta! Nililipitia kichwani mstari kwa mstari, jasho linanitoka na nje ni barafu. Nikaona kwamba yule msafiri hakuwahi kujiuliza. Kisha nikamtazama mzee aliyekaa kushoto kwangu, aliyenivisha koti lake nilipotua uwanja wa ndege na shati jembamba. Nikamkumbuka mama yako, ametoka zamu hospitalini amechoka, ameketi kando yangu ananifundisha ku-drive kwenye maegesho ya kanisa, anafumba macho kila nikikata kona.

"Walitia wengine, Mwalimu," nikasema. "Yangu alitia huyu mzee. Na binti yako."

Babu yako akavua miwani, akaifuta taratibu.

"Sasa umesoma. Nafula, binti yangu, leta chai! Mkwe amepatikana."

Ndiyo maana, mwanangu, mwalimu wako akikupa yale mashairi ya kale nawe ukaniambia "Dad, boring", mimi nacheka tu. Walioyaandika hawakujua kuna Bungoma wala Minnesota, lakini kiburi walikijua, huzuni waliijua, na walijua kwamba Mungu humwona mtu hata akijificha ndani ya nyumba kubwa. Yasome polepole. Yasome kwa sauti. Mstari ukikuchoma, usifunue ukurasa mwingine. Kaa hapo hapo, huenda ni Mungu anasema nawe. Na utakapofanikiwa, maana utafanikiwa tu, damu ni yangu, taja waliokubeba kabla hujataja jina lako.

Mwenyezi Mungu akupe moyo mwepesi wa kushukuru. Akupe watu wasioogopa kukuuliza maswali magumu. Na siku utakayowaozesha wanao, akuketishe kati yao ukiwa na afya na furaha, mwanangu mpendwa.