Krampo Fupi za Beki wa Kamembe

Wapenzi wa mpira wa siku hizi husifu wafungaji. Sibishani nao, lakini mimi nilipenda mabeki, tena wale wagumu, na sijabadilika. Ujanani mwangu Kamembe ilikuwa nao watatu. Mmoja alikuwa mchinjaji kutoka Gitambi. Akikufuata kwa nyuma ulimsikia anavyopumua, na wengi waliuacha mpira kabla hajafika. Mwingine alikuwa mwalimu mpole ambaye darasani hakuinua fimbo, ila uwanjani hapakupitika kwake. Wa tatu, niliyempenda kuliko wote, alikuwa mwashi wa mtaa wa Waislamu. Huyo aliteleza kwenye majani, miguu mbele, akauchukua mpira, na mwenye mpira akaanguka baadaye, kana kwamba amekumbushwa kuwa imempasa kuanguka. Kisha mwashi humwinua kwa mkono na kumwambia, "Pole, papa. Mupira ilikuwa yangu."

Nilimjua kwa karibu kwa sababu viatu vyake vilipita mikononi mwangu. Nilikuwa fundi viatu sokoni. Baba na mama walikufa mwaka mmoja, nikaacha shule darasa la sita. Baba mdogo alipokuja kutoka Rwimbogo kutugawa, huyu kwa shangazi, huyu kwake, nilimwambia hatugawanyiki. Tulikuwa wanne. Watatu walisoma, mimi nikashona.

Viatu vya mpira tuliviita godiyo. Chini ya soli zilikaa krampo, vipande vya ngozi ngumu vilivyobandikwa tabaka juu ya tabaka na kupigiliwa misumari, ili mguu ushike udongo. Zikilika, fundi huzing'oa na kuweka nyingine. Kazi hiyo niliiweza kuliko yeyote sokoni, nasema bila haya.

Mdogo wangu wa kiume alipotimiza miaka kumi na saba, timu ya Cyangugu, kule chini ziwani, ilimchukua acheze winga. Alikuwa mwepesi na mwembamba, miguu kama ya korongo. Mechi yake ya kwanza ilikuwa dhidi ya Kamembe, na upande wake ndio uliolindwa na mwashi.

Siku mbili kabla, mwashi akaniletea godiyo.

"Fundi, krampo zimekwisha. Uniwekee za nguvu."

Alipoondoka nilizitazama zile godiyo muda mrefu. Kwa miaka mingi nilikuwa nimeshangilia watoto wa watu wakiangushwa. Sasa aliyekuwa aangushwe ni wa kwetu, na akivunjika mguu hapakuwa na baba wa kumpeleka hospitali, ila mimi. Nikang'oa krampo za zamani, nikapigilia mpya, fupi, karibu nusu ya kawaida, nikazipaka rangi zionekane nzuri. Nilidhani nimempa kisu butu. Mwashi alizipokea, akashukuru, hakuzikagua. Kazi yangu hakuwahi kuikagua.

Siku ya mechi mvua ilinyesha tangu asubuhi. Wamama wa Bukavu waliovuka mpaka na bidhaa zao walikuwa wamepanga vikapu vya maparachichi kando ya mstari. Mdogo wangu alipokuja upande wao, mmoja, akimtania kwa udogo wake, akamwuliza, "Weye peti, ulishaaga kwenu?" Wenzake wakacheka. Yeye akacheka pia.

Mpira wa kwanza alioupata, alikimbia nao. Mwashi akaja, akateleza kama kawaida yake, akaugusa mpira. Kwa kawaida hapo ndipo krampo zake zingechimba ardhi naye angesimama. Siku hiyo hakusimama. Zile fupi hazikushika kitu kwenye tope. Alimzoa mdogo wangu, wakatoka nje ya mstari wote wawili na kuishia ndani ya maparachichi.

"Mutalipa!" mama mmoja alipaza sauti.

Mdogo wangu hakuinuka. Mwashi alikaa kitako, akageuza soli, akaitazama. Halafu akanitafuta kwa macho kati ya watu, akanipata.

Mguu haukuwa umevunjika. Kifundo kiliteguka, kikavimba kama boga. Jioni mwashi alikuja nyumbani kumpa pole, akakaa kwenye mkeka na sisi.

"Fundi, ulisahau?" akaniuliza.

"Sikusahau, mukubwa. Nilizikata."

"Juu ya huyu, asiumie?"

"Juu ya huyu."

Mwashi akakitazama kile kifundo. "Miye kwa kumuingia mutu siombi krampo. Naziomba kwa kusimama. Uliniondolea freni, fundi."

Mimi niliyewatazama mabeki miaka yote hiyo, tena niliyewapigilia krampo, sikuwa nimelijua hilo, kwamba krampo ndizo breki za beki. Nikamwomba msamaha. Akaitikia kwa kichwa. Aliyekataa kusamehe alikuwa mdogo wangu.

"Yaya, sasa bote banajua miye ni wa kuchungwa," alisema, akiniita mkubwa wake kama siku zote, akageukia ukutani. Wiki nzima alinijibu ndiyo na hapana tu.

Kabla ya mechi ya marudiano alikuja sokoni akichechemea bado kidogo. Mkononi alishika godiyo za mwashi. Alikuwa amekwenda mwenyewe kwake kuziomba. Akaziweka mbele yangu, akavuta kigoda.

"Tia ndefu," alisema. "Niko naangalia."

Nikatia ndefu. Nilipigilia kila moja huku akinitazama, bila kupunguza hata tabaka moja.

Siku hiyo mwashi alimnyang'anya mpira mara nyingi, na mara moja tu mdogo wangu alimpita. Mara ya mwisho alimwingia palepale niliposimama: mpira kwanza, mtu baadaye, na mwashi akasimama penye alama ya krampo zake. Mdogo wangu aliinuka peke yake, shati limejaa tope. Nikampigia mwashi makofi. Aligeuka, akaona ninampigia nani, akatikisa kichwa, akarudi mbio kuomba mpira.