Shangazi Alivyokalishwa Benchi

Shangazi yangu hupima vyeti vya nje katika ofisi ya udahili ya chuo kikuu, na kwa kazi hiyo hayaamini macho. Anaamini kidole gumba. Hukipitisha juu ya muhuri uliobonyezwa kwenye karatasi, midomo kaibana, kama mtu anayepapasa parachichi sokoni. Muhuri usipokwaruza, cheti hicho kwake ni cha kufungia karanga. Wenzake humwita Bi Kidole, ila si mbele yake.

Mimi nilisomea sekondari kwa mjomba, nchi ya mbali, nikarudi na alama ambazo hata mwenyewe nilizishangaa. Baba alifurahi kupita kiasi. Alikuwa na fremu moja nzuri, na cheti kikaizidi ukubwa. Mtu mwingine angenunua fremu. Baba alichukua wembe. Pembe aliyoikata ndiyo iliyokuwa na muhuri, na ilishafagiliwa zamani.

"Muhuri uko wapi?" Shangazi aliniuliza nilipompelekea ofisini.

"Baba kaukata, Shangazi."

"Sina kaka hapa."

Niliumia, sitaki uongo. Hata hivyo, siku hiyohiyo aliiandikia shule yangu kuomba uthibitisho, maana udahili ulikuwa unafungwa Ijumaa na bila jibu mwaka wangu ungekwenda na maji. Kisha, kwa kuwa ni marufuku kupima cheti cha ndugu, akalikabidhi faili langu kwa mwanamke wa meza ya pili. Shangazi ndiye aliyemfundisha kazi, na mwanafunzi kampita mwalimu kwa ukali.

Ijumaa tukaja, mimi na Baba, tukakaa benchi la nje. Jibu la shule lilikuwa limefika asubuhi. Mara tukasikia sauti ya Shangazi huko ndani.

"Nachungulia tu."

"Wewe ni ndugu wa mwombaji?"

"Dada, si unanijua?"

"Ndugu husubiri nje."

Shangazi akatoka, akaketi kati yetu. Benchi likainama upande.

"Hili mbona linayumba?"

"Watu wanalilalamikia miaka yote," Baba alisema. Tangu habari ya wembe walikuwa hawasemezani. "Ulikuwa ndani."

Shangazi akanyoosha shingo kuelekea mlangoni.

"Anasoma nini huyo? Jibu lenyewe ukurasa mmoja."

"Anapapasa," nikamwambia.

Baba alikohoa kuficha kicheko. Shangazi hakucheka. Alinishika mkono, na kile kidole gumba chake kilikuwa cha baridi kabisa.

"Akikataa, nitakutazama vipi mwanangu?"

Hasira zangu zote zikaisha. Nikamwonea huruma.

Mlango ukafunguka.

"Shule imethibitisha. Mwombaji amepokelewa," alisema yule mwanamke. "Mzazi aingie, asaini."

Baba akaanza kutafuta miwani mfukoni. Shangazi alishasimama.

"Mimi hapa," akasema.