Mwalimu Anande alivyojitazama akifundisha

Saa tisa alasiri, Jumamosi. Anande Sumari anapandisha kilima nyuma ya nyumba yake kijijini Sing'isi, simu mkononi, daftari kwapani. Anaipita migomba mpaka kwenye vichanja vya kuanikia kahawa, mahali pekee ambapo mtandao unashika sawasawa. Anaegemeza simu kwenye debe, anavaa miwani.

"Haya, walimu wangu, mnanisikia?"

Wanamsikia. Wako tisa, kutoka Kigoma hadi Lindi, wote wakiwa walimu wa uuguzi na ukunga. Anawaongoza katika kozi ya mtandaoni inayowafunza watu wa afya jinsi ya kufundisha. Miaka mitatu iliyopita alikuwa mwanafunzi wa kozi hiyohiyo, tena mwanafunzi mbishi.

"Nilijiona nimefika," anasema mama huyu wa miaka 54. "Ukunga naujua. Miaka ishirini na moja nafundisha. Nikajiuliza, hawa wataniambia nini?"

Chuo anachofundisha mjini Arusha kilikuwa na mdoli mmoja wa kujifunzia kumhudumia mtoto mchanga, na wanafunzi 64. Kwa hiyo Anande alifundisha kama alivyofundishwa yeye: anasoma, wao wanaandika. Akiuliza "Mmeelewa?" darasa zima linaitika.

Wiki ya nne ya kozi akatakiwa ajirekodi akifundisha na kutuma video. Alipoitazama akaona kipindi cha dakika arobaini ambacho ndani yake hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyesema neno zaidi ya "ndiyo". Mumewe, Elieza, aliyekuwa akichungulia begani kwake, akamuuliza taratibu, "Mama Bariki, hawa watoto huwa wanaongea lini?"

Anakiri kwamba alikwenda kupika akiwa amenuna.

Mwezeshaji wa kozi hakumkosoa. Alimwandikia jambo moja tu: rudia kuitazama, ila safari hii usijiangalie wewe, waangalie wao.

Akarudia. Ndipo akamwona Nashipae.

Nashipae, binti wa wafugaji kutoka Oldonyo Sambu, alikuwa ameanguka mara mbili kwenye mtihani wa vitendo wa kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Akianguka mara ya tatu, angerudishwa nyumbani. Walimu walikuwa wameshamkatia tamaa, Anande akiwamo.

Lakini kwenye video, kule nyuma ya darasa, mikono ya Nashipae ilikuwa ikienda chini ya meza. Inamkausha mtoto asiyekuwepo, inamsugua mgongo, inakiweka kichwa sawa. Hatua zote, kwa mpangilio, bila kosa.

"Nililia," anasema Anande. "Yule mtoto alikuwa anajua. Mimi ndiye nilikuwa sijui."

Jumatatu akamwita na kumuuliza ni nini humpata wakati wa mtihani. Binti akasema, "Samahani, mwalimu. Nikikutazama naona umeshakasirika kabla hata sijamgusa mtoto."

"Ilinichoma," Anande anakumbuka. "Ila hakusema uongo."

Kwa fundi cherehani wa Ngaramtoni akaomba vipande vya vitenge, akashona midoli kumi na kuijaza mchanga na pamba hadi ikakaribia uzito wa mtoto mchanga. Kisha akavuta kigoda, akaketi mbele ya Nashipae. "Leo wewe ndiye mwalimu. Nifundishe."

Binti alianza kwa sauti ya chini. Anande akafuata maelekezo, na makusudi akakipinda kichwa cha mdoli nyuma kupita kiasi. Nashipae akaushika mkono wa mwalimu wake. "Hapana, mwalimu. Hivyo hewa haitapita."

Kuanzia siku hiyo walifanya hivyo kila Jumatatu, wanafunzi wengine nao wakajiunga. Ulipofika mtihani, Nashipae alifaulu.

Sasa ni muuguzi katika zahanati moja upande wa kaskazini wa Mlima Meru. Machi mwaka huu alipiga simu asubuhi, Anande akiwa njiani kwenda kazini.

"Shikamoo, mwalimu. Amezaliwa mtoto kimya kabisa. Nikafanya vile tulivyofanya. Amelia."

Anande anasema alisimama palepale barabarani.

Amebakiza miaka sita kustaafu. Anachotaka sasa ni kuwafikia wauguzi wa zahanati wanaopokea wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo bila wao wenyewe kufundishwa kufundisha. Kozi ameanza kuiandika upya kwa Kiswahili chepesi, na pale mtandao usipofika ataipeleka kwa miguu yake. Kundi la kwanza, wauguzi wanne, litaanza Agosti.

Agosti kahawa huwa imeiva, na Elieza ameshauliza nani atamsaidia kuchuma.

"Miaka yote namfokea kwamba anachuma mbichi," anasema Anande akicheka. "Mwaka huu nitamwacha achume mwenyewe. Jioni nitamuuliza ameona nini."