Sululu Ambaye Aune Hakumwandika

Daftari la Aune Karppala lilining'inia kwa uzi kando ya dirisha la jikoni, na kijijini kwetu kando ya ziwa liliheshimiwa kuliko kalenda ya kanisa. Miaka thelathini na minane mama huyu alikuwa akiandika ndege wa kwanza kurudi kutoka kusini theluji inapoanza kuyeyuka. Batamaji, korongo, kwezi, kila mmoja na tarehe yake. Hao walikuwa wa kufurahisha tu. Mwenye uzito alikuwa sululu, yule wa mdomo mrefu uliopinda, ambaye sauti yake huanza taratibu kama anayeuliza kitu, kisha ikapanda mpaka ikatetemeka. Sululu akishaandikwa, wavuvi hutoa nyavu zao chini ya barafu, na mwenye akili timamu halikanyagi ziwa tena mpaka barafu iyeyuke yote. Siku hizi wapo wanaotazama hali ya barafu kwenye simu, haya, na watazame. Tauno, mumewe Aune, hakuwa mtu wa simu. Kila asubuhi aliuliza huku anakunywa kahawa, "Umemwandika?" Akijibiwa bado, huyo, anavaa buti zake na kwenda ziwani.

Sasa kuna habari ya kwezi. Kwezi ni mwigaji, tena hana haya hata kidogo. Huiga paka, huiga mlango usiotiwa mafuta, na akipenda humwiga sululu. Miaka tisa nyuma Aune alisikia sululu tarehe mbili Aprili, akaandika bila kumwona, akatangaza dukani. Wavuvi wote wakatoa nyavu. Barafu ikakaa wiki tatu ngumu kama sakafu ya saruji, watu wanakula viazi vikavu na kununa, mpaka Veijo, jirani yao, alipomwita Aune nyuma ya sauna ya Aune mwenyewe, kile kibanda cha kuogea mvuke, na kumwonyesha. Juu ya kisanduku cha ndege alichokitundika Aune kwa mikono yake, kwezi alikuwa amevimbisha koo anaimba kisululu.

Kijiji kilicheka mwaka mzima. Hata kanisani aliulizwa kama sululu wake bado anaishi kwenye kisanduku. Tauno peke yake hakucheka wala hakulaumu, na kimya chake ndicho kilichomchoma Aune kuliko vicheko vya wengine wote. Siku hiyo aliapa kwamba hatamwandika tena sululu kwa kumsikia. Lazima amwone kwa macho yake.

Mwaka huu joto liliwahi. Jumatatu, tarehe kumi na nne Aprili, Aune alikuwa akikung'uta mazulia uani aliposikia sauti ile ikipanda kutoka upande wa mashamba. Akageuka, na juu ya paa la sauna akamwona kwezi, mdomo wazi, koo linacheza. Akamwambia yule kwezi kwamba hatamdanganya mara ya pili, akaendelea na mazulia yake. Jumanne sauti ikaja tena. Hakuinua hata kichwa.

Lakini usiku ule hakupata usingizi mzuri, na Jumatano aliamka mapema. Maji yalikuwa yakidondoka kutoka paani tangu alfajiri, na ndoo ya nje haikuwa imeganda. Alimwomba Tauno aache kwenda. Tauno akasema zimebaki nyavu mbili tu, kule mdomoni mwa mto, azitoe leo amalize kazi. Akamenya yai lake, akauliza lile swali lake.

"Umemwandika?"

Aune akalitazama daftari. Angeweza kusema nimemsikia mara mbili, sina hakika. Akavikumbuka vile vicheko, akakumbuka zile wiki tatu za viazi, na aibu ikamziba mdomo.

"Bado," akasema.

"Basi ziwa bado ni letu, bibi yangu."

Tauno akaondoka na sleji yake, kile kigari cha kuteleza juu ya barafu kinachosukumwa kwa mguu. Aune akaosha vikombe viwili kwa muda wa kuosha ishirini. Kila mara alichungulia dirishani, na kila mara Tauno alikuwa amepungua, mpaka akawa nukta nyeusi karibu na mdomo wa mto, mahali ambapo mkondo huila barafu kwa chini. Aune akashika kazi ya kufuta meza iliyokwisha kufutwa.

Hapo ndipo sauti ikaja kwa mara ya tatu. Aune akatazama kwenye kisanduku, na kwezi alikuwepo, amesimama mlangoni pake na kitita cha nyasi kavu mdomoni. Mdomo umejaa, haimbi kitu. Na sauti inapanda, inatetemeka, inatoka shambani. Aune akanyakua darubini. Kwenye kipande cha ardhi kilichokwisha kuachwa na theluji walikuwa wakitembea sululu wawili, wanadonoa matope kwa raha zao, kama watu waliofika zamani.

Akaikimbilia simu, akapiga, na simu ya Tauno ikalia palepale rafuni, nyuma ya kopo la kahawa.

Alifika kwa Veijo bila koti na bila viatu, soksi zimelowa chapa. Hakueleza mengi. Alisema tu sululu amekuja na Tauno yuko mtoni. Veijo hakumtania safari hii. Aliburuta ile mashua nyepesi ya kutembelea barafu mbovu, akaweka goti moja ndani, akawa anajisukuma kwa mguu wa pili, na akamkataza Aune kukanyaga ziwa.

Basi akabaki ufukweni na darubini aliyokuwa bado ameishika. Aliiona sleji, imesimama peke yake. Pembeni yake kulikuwa na maji meusi, na mtu hakuwepo. Aune alimwita Mungu, kisha akamwita Tauno, kisha hakujua anamwita nani. Akaitafuta barafu kipande kwa kipande. Mwisho akaona kitu cheusi kimelala kifudifudi, kinajivuta kidogo, kinatulia, kinajivuta tena. Tauno alikuwa na ile misumari miwili yenye vishikio vya mbao ambayo kila mvuvi huvaa shingoni ili akitumbukia aichome kwenye barafu na kupanda, na ndiyo aliyokuwa akijivutia.

Veijo alimleta akiwa wa bluu midomoni. Walimvua, wakamkunja kwenye mablanketi, wakampa maji ya matunda ya moto kidogo kidogo, na ilipita saa nzima kabla meno yake hayajaacha kugongana. Veijo alipoaga, ndipo Tauno alipofungua mdomo.

"Nilimsikia, unajua. Nikiwa katikati ya ziwa. Nikasimama kabisa, nikataka kurudi. Halafu nikajiambia huyo ni kwezi tu. Angekuwa sululu, Aune angekwisha kumwandika."

Alisema bila ubaya, kama anasimulia hali ya hewa. Aune akatungua daftari, akachukua penseli, akaandika sululu. Kwenye tarehe mkono ukasita. Leo ndiyo siku aliyomwona, na hakuna mtu kijijini ambaye angeuliza zaidi. Akaandika tarehe kumi na nne, Jumatatu, akamwekea Tauno magotini.

Tauno akasoma. Akahesabu siku kwa vidole vilivyokuwa bado vyeupe.

"Ulimsikia tangu Jumatatu?"

"Tangu Jumatatu. Na leo asubuhi uliponiuliza nilikuficha. Niliogopa kuchekwa."

Safari hii Tauno hakukaa kimya. Aligomba mpaka kahawa ikapoa, akamwambia yote, ya leo na ya miaka tisa nyuma. Aune akakaa mbele yake akilia, hakumkatiza hata mara moja, akashukuru kwa kila neno, maana sauti ilikuwa ya Tauno na ilikuwa pale jikoni.